Ufunguzi wa Marehemu

Mshonaji alinyoosha mkono. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliugusa kwa ncha za vidole, tena kwa sababu tu mwamuzi alikuwa anawatazama, kisha akajifuta kwenye suruali. Ilikuwa fainali ya sataranji ya mtaa, ukumbini juu ya duka la rangi, na viti vyote vimejaa.

"Kaka ana miezi minane tu kaburini, na wewe uko hapa unacheza," alisema.

"Kete nyeupe ni zako. Anza, shemeji."

Shemeji akaanza: askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Halafu jirani yake, akamwacha aliwe bure. Mshonaji akamla. Farasi wa kwanza alipotoka, mshonaji aliutambua mpango. Ufunguzi huu, mpangilio wa hatua za mwanzo, ulikuwa wa mumewe, aliuandika kwenye daftari jekundu, na daftari hilo lilitoweka siku ndugu walipokuja "kupanga vyombo" baada ya mazishi. Shemeji aliapa hajaliona.

"Kumbe ulilichukua wewe," mshonaji alinong'ona.

"Cha kaka yangu ni changu. Cheza."

"Kimya mezani!" mwamuzi akakemea.

Shemeji aligonga kete kwa kishindo, hafikirii, kama mtu anayesoma alichokariri. Hatua ya nane akamwacha farasi wazi. Kwa mujibu wa daftari, mpinzani angemla, na kwa tamaa hiyo mfalme wake angenaswa. Lakini siku moja, akipiga pasi, mshonaji alimwonyesha mumewe dosari: usimguse farasi, sukuma askari wa katikati. Mume alicheka hadi machozi, akasema ataandika kesho. Hakuandika.

Mshonaji akamsukuma askari.

Shemeji akakodoa macho. Dakika kumi. Ishirini. Jasho likamtoka. Kurasa zilikuwa zimekwisha, na wazo lake mwenyewe hakuwa nalo. Hatua ya kumi na sita malkia wake akaliwa.

Shemeji alimpiga mfalme wake kofi kukiri ameshindwa, kete zikatawanyika sakafuni. "Usikanyage tena kwa mama. Ukija nitakutoa mwenyewe."

Katika familia ile, mama mkwe ndiye pekee aliyekuwa bado anampigia simu. Mshonaji alisaini karatasi ya matokeo.

Jumapili alikwenda. Shemeji alikuwa mlangoni kweli, mikono kifuani.

"Mama kalala."

"Mwongo mkubwa!" sauti ikatoka ndani. "Mpishe mkwe wangu!"

Akapisha, lakini nusu ya mlango tu. Mshonaji akapita kwa ubavu, wakitazamana, hakuna aliyepepesa.