Mara Moja Ipi

Alfajiri haijaingia, birika la umeme likajizima: tak. Mlio ulikuwa mdogo, wa kuzibwa. Bibi, aliyekuwa macho chumbani, akatambua kwamba mjukuu wake amelifunika kwa taulo ili lisimwamshe yeye mgeni. Akatabasamu gizani. Mtu anayelivisha birika taulo, alijisemea, bado mji haujamharibu.

Kisha akasikia mnong'ono kutoka jikoni. "Figo. Ini. Kongosho. Kibofu." Mjukuu alikuwa akisoma maneno kama mtoto anayekariri sala.

"Kasuku," Bibi aliita, "viungo vyote hivyo ni vyako au umeazima?"

"Lala, Bibi! Nimekuamsha?"

"Uzee ndio umeniamsha. Njoo hapa."

Jina la Kasuku lilitoka kwa marehemu babu yake, kwa kuwa tangu utotoni hakuwa akisikia neno asilirudie. Sasa lilikuwa kazi. Alikuwa mkalimani wa simu. Muuguzi wa nchi ya mbali akiwa na mgonjwa anayejua Kiswahili tu, simu ilipita kwenye kompyuta ya Kasuku, naye akawa mdomo wa huyu na sikio la yule. Sheria ilikuwa moja na kali: sema walichosema, usiongeze, usipunguze. Alikuwa bado kwenye majaribio. Makosa mawili yalikuwa yameshaandikwa kwa jina lake.

"Na la tatu?" Bibi aliuliza.

"La tatu, kazi basi." Alikaa ukingoni mwa kitanda akizungusha kikombe mikononi. "Na leo unaondoka, nami siwezi kuomba ruhusa. Utakuja nami mkahawani? Basi lako ni la alasiri."

"Nimekuja kukuona wewe, si kuona kuta. Twende."

Mkahawa ulikuwa nyuma ya chuo kikuu, kwenye mtaa wa maduka ya kunakili karatasi na vitabu vilivyotumika. Bibi hakuwahi kuona mahali watu wengi hivyo wanakaa pamoja bila kusalimiana. Kila meza ilikuwa na soketi chini yake, na kila kichwa kimeinamia kompyuta. Vikombe vilikuwa vimepoa zamani. Ukutani palibandikwa karatasi: WAIFAI NI YA WOTE, KELELE NI ZAKO MWENYEWE.

Mwenye mkahawa, mama mnene mwenye kitambaa cha kufutia meza begani, aliwaonyesha stoo ya nyuma, kati ya magunia ya kahawa na maboksi ya maziwa. Pale ndipo Kasuku alipofanyia kazi, kwa kuwa maneno ya wagonjwa hayakutakiwa kufika kwenye meza za watu.

"Kule kwangu nyumbani intaneti inakatika, na jirani wa juu anapiga muziki mchana kutwa," Kasuku alimweleza Bibi. "Huyu mama alinionea huruma."

"Huruma gani?" mwenye mkahawa alisema. "Panya wananiogopesha. Nilitaka mtu wa kuongea humo ndani."

Wakamwekea Bibi kiti mlangoni pa stoo. "Bibi, wewe ndiye mlinzi wangu," Kasuku alisema akivaa visikilizio masikioni. "Mtu asipite. Na ukisikia kitu, hujasikia."

"Nina masikio, sina mdomo."

Asubuhi ikapita hivyo. Bibi alisikia upande mmoja tu wa dunia. "Pole sana, mama." "Muuguzi anauliza, maumivu yalianza lini?" Halafu lugha ile nyingine, upesi kama maji ya bomba. Aliona mgongo wa mjukuu wake ulivyonyooka kila simu ilipoingia, na mguu wake mmoja uliokuwa ukitetemeka chini ya meza bila kukoma.

Jua lilipokaribia utosini, aliingia mzee mmoja kwenye simu. Bibi alijua ni mzee kwa jinsi Kasuku alivyolainisha sauti.

"Mzee, muuguzi anasema hivi: vile vidonge vya presha, kuanzia leo unameza mara moja, siyo tena mara tatu." Akasikiliza. "Ndiyo, mzee. Mara moja. Ukishakula, haina shida." Kengele ya simu nyingine ikalia ndani ya kompyuta. Kasuku akaharakisha lugha ile ya pili, akaaga, akamhudumia aliyefuata. Alipommaliza huyo, akavua visikilizio, akatoka kunyoosha viungo.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, lakini sijakosea. Siku nzuri."

Mwenye mkahawa alipita na sinia. "Bibi, nakuletea chai yako mara moja."

"Mara moja tu?" Bibi alisema. "Na nikitaka ya pili, nihamie mkahawa gani?"

Vijana wa meza ya karibu waliinua vichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, wakacheka. Hata mwanafunzi wa miwani mizito, aliyekuwa na sura ya mtu aliyefiwa, akacheka. Bibi alimgeukia mjukuu wake amwone naye akicheka.

Kasuku hakucheka. Alisimama mkono ukiwa shingoni.

"Bibi. Umesema nini?"

"Nimetania tu, mama."

"Mara moja," Kasuku alinong'ona. Macho yake yalikuwa hayapo pale. "Alisema, nitavimeza mara moja. Vi. Hakusema nitameza kimoja. Alisema *vi*."

Bibi akaweka mkono kifuani. Alikuwa ameahidi kutokuwa na mdomo, lakini alikuwa na akili ya kutosha. Mzee wa vidonge vitatu kwa siku: asubuhi, mchana, usiku. Ameambiwa sasa ni mara moja. Atavikusanya vyote vitatu, avimeze kwa mkupuo mmoja.

"Na amesema lini?"

"Akishakula. Bibi, sasa hivi ndio wanakula kule."

Kwa pumzi moja au mbili Kasuku hakusogea, na Bibi aliliona wazo likipita usoni mwake, kama paka anavyopita ukutani. Huenda mzee ameelewa. Huenda hakuna kitu. Nikisema, ni la tatu. Bibi hakumhukumu. Alimshika kiganja tu.

"Wewe ulimsikia, mimi sikumsikia," alisema. "Wewe unaonaje?"

"Alisema vi," Kasuku alijibu, akakimbilia stoo.

Namba ya mzee hakuwa nayo. Wakalimani hawapewi namba. Njia ilikuwa moja: kumwandikia msimamizi, na msimamizi amrudie muuguzi. Akaandika akisoma kwa sauti bila kujijua: "Nimekosea. Naomba mzee apigiwe kabla hajameza..." Kidole kilipogusa kitufe cha kutuma, mashine ya kahawa ikakohoa na kunyamaza. Taa zikazimika. Mkahawa mzima ukaguna.

"Umeme!" mwenye mkahawa alipiga kelele. "Jamani, umeme!"

"Haijaenda," Kasuku alisema. "Bibi, haijaenda. Waifai imekufa." Alishika simu yake, akaitupa mezani. "Bando liliisha jana."

Bibi hakujua bando ni nini hasa, lakini alijua kuomba. Alitoka mlangoni, akaacha lindo lake, akasimama katikati ya meza zile.

"Wanangu, nani ana intaneti ya kumpa mjukuu wangu? Kuna mzee wa watu atadhurika."

Hakuna aliyeuliza mzee gani. Mwanafunzi wa miwani alikuwa wa kwanza kuinuka, simu mkononi. "Chukueni yangu. Nenosiri naliandika mwenyewe, ni jina la mama yangu na moja."

"Hiyo si uliiweka akiba utume tasnifu yako?" mwenzake alimwambia. "Leo ndiyo mwisho!"

"Profesa ameningoja tangu mwaka jana. Ameshazoea."

Ujumbe ukaenda. Hapo ndipo kungoja kulipoanza, na Bibi, aliyewahi kungoja uzazi na kungoja maiti, hakukumbuka kungoja kurefu hivyo. Mwenye mkahawa alisimama na sinia lililobeba kikombe kimoja, akasahau kukitua. Kisha sauti kavu ya mwanamke ikatoka kwenye kompyuta, haraka. Kasuku akajibu kwa maneno machache. Akainamisha kichwa.

"Ni msimamizi," alimwambia Bibi. "Wanampigia mzee, mimi nikiwa kwenye laini." Akavaa visikilizio. "Inaita."

Vijana walikuwa wamekaa mbali na mlango kwa heshima, lakini hakuna aliyeandika chochote.

"Haipokelewi."

Bibi akafumba macho.

"Inaita tena. Inaita..." Mgongo ukanyooka. "Mzee, shikamoo, ni mkalimani. Muuguzi anauliza, umeshakula?" Akapata jibu. Akasema kwa lugha ile nyingine. Akasikiliza. "Anauliza, vidonge viko wapi sasa hivi?"

Akakibana kisikilizio sikioni. Halafu Kasuku akaanza kulipeleka jibu upande wa pili, kwa lugha ambayo Bibi hakuijua hata neno. Lakini alipokuwa akisema, mkono wake wa kulia ulijifungua wenyewe juu ya meza, kiganja juu, vidole vimekunjika kidogo kama kikombe.

Viko mkononi. Bibi alielewa, akaketi juu ya gunia la kahawa.

"Rudisha viwili kwenye chupa, mzee," Kasuku alikuwa akisema polepole. "Leo kimoja. Kesho kimoja. Kila siku ni kimoja. Sasa nirudishie wewe, muuguzi asikie: utameza vingapi?" Akasikiliza. Machozi yakamshuka, lakini sauti haikutikisika. "Kimoja. Ahsante, mzee."

Alipomaliza na msimamizi, alitoka, akapokea kile kikombe kutoka kwenye sinia bila kuuliza ni cha nani.

"Hiyo chai ni ya Bibi yako," mwenye mkahawa alisema.

"Mwache anywe," Bibi alisema. "Wamesemaje?"

"Kosa ni kosa. Limeandikwa." Alikunywa. "Ni la tatu. Wameninyang'anya simu za wagonjwa. Msimamizi amesema ataomba nifanye mtihani upya, kwa sababu nimejitaja mwenyewe. Asipokubaliwa, ndiyo hivyo."

Mwenye mkahawa akafuta meza iliyokuwa safi. "Stoo ipo," alisema hatimaye. "Mtihani nao unahitaji pa kusomea. Na panya bado nawaogopa."

Umeme haukuwa umerudi walipoondoka. Mwanafunzi wa miwani alimbebea Bibi begi mpaka kituoni, akakataa ahsante, akarudi mbio kwenye tasnifu yake. Kasuku alimtafutia Bibi kiti cha dirishani, akakikung'uta vumbi kwa kanga, akashuka, akasimama chini kwenye lami.

"Bibi, pole. Ulikuja kunitembelea, nikakuweka lindo."

"Na lindo nikaliacha. Nami wangenifukuza."

Kasuku akacheka, mara ya kwanza siku ile. Basi likanguruma. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akatembea nalo hatua chache.

"Bibi, uje tena. Na usiniambie utakuja mara moja. Niambie siku."