Samaki Kumi na Mmoja Waliokuja Kupimwa

Saa kumi kasoro robo Mahmuda aliacha ndala zake mlangoni kwa Haji Sobhan, mwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi, akaingia kumfundisha binti yake Nuzhat baiolojia na uandishi wa ripoti. Sinia ya chai ikaletwa na biskuti mbili kavu. Mwalimu wa nyumbani hapa Narayanganj, Bangladesh, haulizi anapendwa kiasi gani. Anaangalia sinia.

Nuzhat alikuwa ameanza ripoti yake na hitimisho, kama wafanyavyo wote wanaonakili vitabu vya mwongozo: samaki wa bwawa la nyuma ya kiwanda walikufa kwa njaa.

"Umewaona?" Mahmuda akamuuliza.

"Sijawaona, Apa. Lakini majibu si ndiyo haya haya kila mwaka?" akasema Nuzhat, akimwita dada kwa heshima, kama walimu wa kike waitwavyo hapa.

Mahmuda akamwambia hiyo si sayansi, huo ni uvivu uliopigiwa mstari kwa rula. Alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Kwao ni ng'ambo ya bwawa hilo, na mama yake huoshea mchele humo. Ripoti ingefika na ukweli wake kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya, maji yangepimwa, na bomba la Haji linalomwaga maji ya rangi humo lingezibwa.

Basi Jumatano samaki wakaja wenyewe. Walikuwa kumi na mmoja, wamekufa tangu juzi. Walipanda ngazi wakifuatana, wakajipanga kwenye mkeka. Mahmuda aliwaomba wasilowanishe daftari. Nuzhat aliwapima mmoja mmoja, akaandika urefu, akawafunua mashavu. Ndani yalikuwa ya buluu, yote.

"Mlikufa lini?"

"Juzi, baada ya adhuhuri," alisema kambare mkubwa. "Bomba lilipofunguliwa."

Nuzhat akaandika vivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri. Mahmuda aliona fahari.

Haji aliisoma ripoti akiwa amesimama, baada ya kuwapisha samaki kwa adabu. Alilisifu sana jedwali. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akafuta mstari wa mwisho na kuandika mwingine.

"Mwalimu, mtoto anasomea udaktari. Hasomei ugomvi."

Nuzhat alimtazama Apa wake. Apa wake alizitazama biskuti, na aibu ikamchoma.

Ripoti ikapata tuzo ya kwanza. Jumatano iliyofuata sinia ilikuja na rosogolla nne, vidonge vitamu vya maziwa vilivyolala kwenye shira nzito. Samaki walikuwa wameshakaa mkekani. Kambare akauliza wameandikwaje.

"Sababu ya vifo haijulikani," Mahmuda akasoma.

"Sisi tunaijua."

"Nyinyi hamna cheti."

Hilo walilielewa. Wakajisogeza kidogo, maana safari hii walikuja na wenzao thelathini, na Nuzhat akaenda kuleta mkeka wa pili.

Mahmuda alikula rosogolla moja, tatu akazifunga kwenye karatasi. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa ameshapakua wali, wa buluu kama wa jana. Wakala. Halafu mama akaifungua ile karatasi, akazihesabu.

"Mwanangu," akasema, "kumbe kule wanakupenda."