Jina Lililotangulia Granada

Eutimio alikuwa bahili, na mji mzima wa Toro, kaskazini mwa Hispania, ulilijua hilo. Alikuwa mtu wa kuzima injini ya lori kwenye miteremko, mtu wa kufunga mkate uliobaki mkahawani na kuutia mfukoni huku mwenye mkahawa akimtazama. Araceli alikuwa ameshamsamehe. Mwanamke aliyechumbiwa akiwa msichana, halafu anakuja kuolewa nywele zimeingia mvi, hujifunza kusamehe mengi njiani.

Aliyewachelewesha ni mama yake Araceli. Bibi yule alianguka kitandani mwaka ule ule wachumba walipokwenda kuonana na padri juu ya ndoa, na hakuinuka tena. Kufa hakufa. Alilala akitazama dari na kuita "Araceli, Araceli" mchana na usiku, na Araceli hakupata hata usiku mmoja wa kulala nje ya nyumba ile. Eutimio akawa anapeleka mvinyo kusini kwa lori na kurudi. Kila Alhamisi alikuja kula chakula cha mchana, yeye upande ule wa meza, mchumba wake upande huu, na mlango wa chumba cha mama wazi. Watu walimwambia Araceli kwamba mvumilivu hula mbivu. Alipowapa mgongo walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye alidarizi mashuka ya harusi, herufi A na E zimekumbatiana pembeni, mpaka kabati likagoma kufungika.

Katika chumba cha mama palikuwa na picha moja tu ukiacha ya Moyo Mtakatifu. Ilikuwa ya kalenda, Eutimio aliileta safari moja: ngome nyekundu ya Granada, na nyuma yake milima yenye theluji. Mwaka wa kalenda ulikwisha, Araceli akakata tarehe akabakiza picha. Akimgeuza mama, akimlisha, akimwosha, alikuwa akiitazama. Basi mama alipofariki, na nguo nyeusi zilipokwisha kuvaliwa muda wake, na harusi ikapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, hakuomba pete wala gauni. Aliomba fungate, na fungate yenyewe iwe Granada.

"Granada nitakupeleka," alisema Eutimio, akikunjua ramani juu ya meza, katikati ya sahani. "Lakini hoteli hapana. Hoteli ni wizi wa mchana. Unamlipa mtu ili ulale, na kulala Mungu katoa bure."

"Kwa hiyo tunalala kwenye lori?"

"Sikiliza kwanza, bibie. Ávila tunalala kwa binamu yangu Leandra. Yule ukipita mji wake ukalala kwa kulipia, ananuna mpaka Krismasi. Toledo kuna watawa wenye vyumba vya wageni, unaacha kwenye kikapu ulichonacho."

"Na wewe utaacha nini? Vifungo?"

"Nitaacha sala. Watawa wanapenda sala."

"Vitanda vya watawa ni viwili viwili, Eutimio, na msalaba katikati."

Eutimio akacheka mpaka akakohoa. "Usiku mmoja tu, utanivumilia. Granada sasa, Granada tuko kwa Bi Encarna. Ana nyumba ya wageni, madereva wote tunafikia kwake. Mimi ananipa bei ya mwenyeji. Wenzako wanalipia dirisha linaloona ngome. Kwa Bi Encarna unatoa kichwa nje kidogo tu, unaiona bure. Nitampigia mimi, wewe usijisumbue."

Araceli alicheka naye. Usiku ule alisimama mbele ya ile picha na kujaribu kutoa kichwa nje kidogo, peke yake, kama mtoto, na aliona haya ingawa hakuna aliyemwona.

Kulikuwa na jambo moja la kufanya bado. Bibi arusi wa kwao asiyetaka mvua siku ya harusi huwapelekea Waklara mayai. Masista hao hawatoki ndani ya kuta zao. Unaweka mayai kwenye dolabu la mbao linalozunguka ukutani, sista wa upande wa pili analizungusha, na wao wanakuombea jua. Araceli alipeleka mayai ya kuku wake mwenyewe, akiyapanga kikapuni na majani makavu. Jirani yake Herminia alimkuta njiani.

"Wewe Araceli, huoni shayiri zetu zinavyokufa kwa kiu?" alisema. "Mji mzima unaomba mvua, wewe unakwenda kuifunga na mayai."

"Ni siku moja tu, jirani. Siku nyingine zote chukueni ninyi."

"Haya. Umengoja sana, mama. Nenda kaifunge."

Kwa furaha yake Araceli alivuka barabara bila kutazama.

Wiki iliyofuata, Jumatano, alifanya jambo ambalo Eutimio alimwambia asijisumbue nalo. Hakulifanya kwa kumshuku. Alilifanya kwa haya. Tangu siku ya ramani alikuwa akijiuliza kama chumba cha Bi Encarna kina kitanda kimoja au viwili, na kwa umri wake angekufa kabla ya kumwuliza mwanamume swali kama hilo. Mwanamke mwenzake angeelewa. Alikwenda kwenye simu ya duka la mkate, akangoja wateja watoke, akampigia Bi Encarna kwa namba aliyoikuta imeandikwa pembeni ya ramani.

"Samahani, mama," alisema. "Ni kuhusu chumba cha Eutimio, dereva wa Toro. Mwezi wa Mei. Mimi ni Araceli, na nilitaka kujua..."

"Bi Araceli!" Sauti ya upande wa pili ilichangamka. "Mbona sauti yako imebadilika hivi? Una mafua?"

Araceli alisema hana mafua.

"Basi ni simu hizi. Chumba ni kile kile chenu, mama, usiwe na wasiwasi. Kitanda ni kile kile kikubwa, ila mto nimekubadilishia, maana mwaka jana ulilalamika shingo. Na goti lako? Ile ngazi yangu bado ni ile ile, nakuonea huruma."

"Goti langu," alisema Araceli.

"Mumeo aliniambia mtapasua, nikasema ngoja kwanza, magoti ya wanawake sisi yanapona yenyewe tukipumzika. Mbona kimya? Bi Araceli?"

"Goti limepona," alisema Araceli, akakata simu.

Alisimama pale dukani mkono juu ya goti lake, ambalo halijapata kumuuma maishani. Alielewa taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha njia kwa mbali. Yeye hajapata kulala nje ya Toro. Lakini jina lake lilikuwa limeshafika Granada, mwaka baada ya mwaka. Lilipanda ngazi, likalala kwenye kitanda kikubwa, likalalamikia mto. Wakati yeye akiinua mgongo wa mama yake na kuitazama picha, jina lake lilikuwa likitoa kichwa dirishani na kuona ngome bure. Iliuma mahali ambapo hakujua kwamba mtu huumia.

Alhamisi alipika dengu na soseji, kama kawaida. Eutimio akaingia, akatundika kofia, akakaa upande ule wa meza. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa bado wazi, kwa mazoea tu.

"Bi Encarna ananisalimia," alisema Araceli. "Anauliza goti langu."

Eutimio akaweka kijiko chini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, kutoka Toro mpaka Granada, na aliiona yote pale mezani.

"Ni nani?" Araceli aliuliza.

"Mjane mmoja wa kule kusini. Si mtu unayemjua. Imekwisha, Araceli. Tangu mama yako alipofariki sijamwona tena. Naapa."

"Na jina langu?"

Eutimio alijibu akitazama ramani, ambayo ilikuwa bado pembeni ya meza, imekunjwa.

"Siku ya kwanza Bi Encarna aliuliza, huyu ndiye mchumba wako wa Toro unayemtaja kila siku? Nikasema ndiye. Halafu ikawa hivyo." Akapangusa mdomo usiokuwa na kitu. "Nilikuwa natamani awe wewe. Huniamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulikuwa na mama yako. Mimi nilikuwa na barabara."

"Na yeye aliitika? Akiitwa Araceli, aliitika?"

"Alizoea."

Araceli alitikisa kichwa. Hilo ndilo lililomvunja, kuliko kitanda. Tena alimwamini. Aliona kabisa kwamba mtu huyu alimpenda, kwa namna yake ya kutafuta cha rahisi: alipoona Araceli mwenyewe ana gharama ya kungojea, alijipatia mwingine na kumbandika jina. Na sasa, kwa kushindwa kuiacha bei ya mwenyeji, alikuwa anataka kumpeleka mke wake kwenye chumba kile kile.

"Hukuona?" alimwuliza. "Granada nzima ile, hukuona pa kunilaza isipokuwa pale?"

"Nilifikiria bei tu," alisema Eutimio, na lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyosema maishani. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Twende hoteli, Araceli. Ile ya juu kabisa, ndani ya ngome. Nitalipa. Usiku wote unaotaka, nitalipa."

Kama angeyasema hayo wiki moja nyuma, Araceli angelia kwa furaha na kumkatalia kwa huruma.

"Kula dengu zako," alisema. "Zinapoa. Ukimaliza, chukua kofia."

Eutimio alikula kidogo, akachukua kofia. La kuvunda halina ubani; akatoka. Mkate uliobaki aliuacha mezani. Araceli aliutazama ule mkate, na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake alikwenda kwa Waklara, akapiga kengele ya ukutani.

"Salamu Maria uliye safi," ilisema sauti nyuma ya dolabu.

"Uliyekingiwa dhambi. Sista, ni mimi Araceli wa mayai."

"Tumeyala, mwanangu, Mungu akubariki. Viini vyekundu kabisa. Na sala tunazisali kila alfajiri."

"Nimekuja kuwaambia muache. Hakuna harusi. Inyeshe tu, Sista. Shayiri za watu zinakauka bure."

Dolabu likazunguka polepole, tupu, kana kwamba sista hakuwa na njia nyingine ya kumnyooshea mkono.

"Pole, mwanangu," ilisema sauti. "Tutaacha. Lakini za jana na juzi zimeshakwenda, sijui kama zinarudishwa."

Jumamosi ile iliyokuwa imepangiwa harusi, Toro iliamka na anga safi. Jua lilitoka mapema, halikufunikwa na wingu hata moja mpaka jioni, siku ya harusi ambayo bibi arusi yeyote angeitamani. Herminia alipotoka kuwapa kuku maji alimwona jirani yake uani. Araceli alikuwa amefua mashuka yote ya kabatini, yasiyopata kulaliwa na mtu, na alikuwa akiyaanika kamba moja baada ya nyingine, herufi zikitazama ndani.

"Utayamaliza yote leo?" Herminia aliuliza kwa upole, maana alishasikia.

"Nitayamaliza," alisema Araceli. "Yanakauka upesi. Niliomba jua."