Motokari Isiyokunywa Esansi

Siku Suzanne Wilondja alipong'oa injini ya mwisho katika garaji yake ya Baraka, wafanyakazi walidhani amepata habari ya msiba. Hakulia. Alifungua bolti moja baada ya nyingine, akaishusha injini kwa mnyororo mpaka sakafuni, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akawaambia kwamba garaji hiyo haitaunda tena motokari ya kunywa esansi, yaani petroli.

Walimtazama kama mtu aliyesema kwamba ziwa halitakuwa tena na samaki. Yeye na marehemu mume wake Albert ndio walioanza kazi ya kuunda motokari ndogo za mizigo: fremu ya vyuma vya malori yaliyokufa, bodi ya mbao, na injini ya esansi iliyovuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma. Eneo lote la Fizi lilizijua. Zilibeba muhogo, mawese, samaki na wagonjwa. Albert alikufa kwa ugonjwa kabla ya vita, na Suzanne akaendelea kuchomelea vyuma mwenyewe.

Halafu vita vya pili vya nchi ile vikaja. Mwenye bunduki huyu akachukua motokari moja, yule akachukua nyingine. Suzanne alivumilia. Alisema mali huja na mali huenda. Lakini baada ya mauaji ya raia kule Makobola, wakati watu wengi walikuwa bado wanalala porini, aliona motokari yake mwenyewe ikipita barabarani imejaa mabati, milango, masufuria na mbuzi wa watu. Aliutambua mshono wa kuchomelea kwenye fremu, kwa sababu ulikuwa wa mkono wake. Juu ya mabati alikaa askari, akitafuna muwa.

Jioni ile hakula. Alipiga magoti katikati ya matairi akamwuliza Mungu kazi ya mikono yake inamtumikia nani.

Jibu lilikuja polepole, kama yanavyokuja majibu mengi ya Mungu. Aliona kwamba motokari ya esansi ni ya yule aliye na bidoni, dumu la mafuta. Mwenye bunduki hupata bidoni, na mwenye bidoni huenda anakotaka, wala hamhitaji tena aliyeiunda. Nyuma ya garaji yake kulikuwa na kijito kinachoshuka kutoka milimani, na juu yake turbini ndogo ambayo wamisionari waliijenga zamani kwa kupasulia mbao. Maji yale hayakuvuka mpaka wowote. Hayakutoa moshi, na yangeendelea kushuka maadamu Mungu ananyesha mvua. Na katika kiwanda cha pamba kilichokufa, karibu na ziwa, ilikuwapo mashine ya kuinulia marobota iliyotembea kwa betri. Suzanne aliiomba, akapewa kama chuma chakavu, akaitoa mota. Betri akazitafuta katika malori yaliyotelekezwa barabarani, na kwenye turbini akafunga dinamo kwa mkanda, ili maji ya kijito yazijaze umeme.

Shemeji yake Eugène, shemasi wa kanisa, alikuja kumwonya. Alisema askari walioshika mji hawapendi mtu mwenye akili mpya, na kwamba hata Yusufu alimtumikia Farao. Suzanne alimjibu kwamba Yusufu alimwekea Farao chakula, hakumbebea mabati ya watu.

Dereva wake, Rashidi, Mwislamu wa pwani ya ziwa, aliizunguka motokari mpya siku ilipomalizika. Alifungua boneti, akaona betri zimepangwa kama mikate, akafunga.

"Patroni, haina moshi, haina sauti. Hii ni motokari ama ni jeneza?"

"We njo utaiendesha," Suzanne akasema, akimwonyesha kidole.

"Basi nitavaa sanda kabisa, tusipoteze muda."

Wiki ile ile Komanda, mkubwa wa askari wa mjini, alituma amri. Alitaka motokari nne kwa ajili ya jeshi lake, zenye injini, na esansi angeileta mwenyewe. Suzanne alikwenda kumjibu kwa mdomo wake. Alimkuta amekaa kwenye baria, kizuizi cha kuingilia mjini, chini ya turubai, akamweleza kwamba garaji yake imeacha injini.

Komanda hakukasirika. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema kwamba hakuna motokari inayotembea bila esansi, kwa hiyo mama huyu ameificha esansi mahali, na labda anaipeleka kwa watu wa msituni. Kwa neno hilo mtu aliweza kupigwa risasi. Suzanne akamwambia aje aone.

"Siyo mi nitaona," Komanda akasema. "Kesho itaenda kijiji ya Lubondja, kule mulimani, na itarudi na muzigo. Askari yangu Nicolas atakaa ndani. Ikirudi, nitaamini. Ikisimama mu njia, utanitengenezea zile ine, na injini zake."

"Itaenda," Suzanne akajibu.

Aliinuka akaenda. Juu ya zile nne hakusema neno, na Komanda hakuliona hilo.

Asubuhi Suzanne aliweka mkono juu ya boneti akaomba kwa maneno machache: Bwana, kazi ni yako, uitunze. Rashidi alisema bismillahi. Nicolas, askari kijana wa Kasai aliyekuwa mbali na kwao, hakujua afanye nini, akavua kofia.

Motokari ilipanda mlima kama ng'ombe wa milimani Minembwe, bila haraka na bila kusimama. Nicolas alichungulia chini ya kiti, nyuma ya bodi, hata ndani ya mfuko wa chakula wa Suzanne. Hakupata tone la esansi. Baadaye alichoka kutafuta, akaanza kutazama mashamba.

Walifika Lubondja bila mtu kujua. Hapo ndipo Suzanne alipoona jambo ambalo hakulifikiria. Zamani watu walisikia injini kutoka ng'ambo ya bonde, wakapata nafasi ya kukimbia. Safari hii waliinua macho wakaikuta motokari katikati ya kijiji, na askari juu yake. Mchi ulianguka. Bamama, kina mama wa kijiji, walishika watoto wakaingia kwenye shamba la muhogo.

Suzanne alishuka, akamwacha Nicolas ndani, akatembea peke yake mpaka penye mchi ulioanguka. Aliita kwa Kibembe, akataja jina lake, la baba yake na la kijiji alichozaliwa. Baada ya muda mrefu mwanamke mmoja akatoka kwenye majani. Aliitwa Gentille. Hakumtazama Suzanne, aliitazama fremu.

"Hii chuma niko naijua. Ndugu yake njo ilibeba mabati yangu. Nyumba yangu iko wazi mpaka leo."

"Ni kweli," Suzanne akasema. "Na mi njo niliiunga."

Akafungua boneti ili aone. Alimweleza kwamba ile ilikula esansi, na kila mwenye bunduki alikuwa na chakula chake. Hii inakula kwenye kijito cha garaji tu. Isiporudi nyumbani, inalala na njaa. Gentille aliinamisha uso ndani akanusa, kama mtu anayepima samaki.

"Haina harufu ya bale batu ba bunduki," akasema.

Alirudi kwenye majani akawaita wenzake. Walipakia muhogo mpaka bodi ikalia. Wakampandisha pia bibi mgonjwa aliyehitaji kufika hospitali, na wengine wakasema watashuka kwa miguu nyuma ya motokari, maana tangu vita vianze hawakuthubutu kwenda soko la Baraka. Suzanne akakaa nyuma, kichwa cha bibi kikiwa juu ya mapaja yake.

Sasa, madereva wa Fizi wana desturi moja. Esansi ni adimu, kwa hiyo kwenye kila mteremko dereva hutoa gia, akaiacha motokari ishuke yenyewe. Anayeshuka na gia huitwa mharibifu. Lakini motokari ya Suzanne ilikuwa kinyume. Ikishuka na gia, magurudumu yaliizungusha mota, na mota ikageuka kuwa dinamo, kama ile ya baiskeli, ikarudisha umeme katika betri. Alikuwa amemweleza Rashidi mara nyingi, na Rashidi alikuwa ameitikia mara nyingi. Ila kichwa ndicho kilichosikia, mkono haukusikia.

Mlima wote ukaisha. Walipofika kwenye tambarare, baria ya Baraka ikionekana mbele, motokari ilipunguza mwendo, ikapumua, ikasimama.

Suzanne aliruka chini. Sindano ya kipimo cha betri ilikuwa imelala kwenye sifuri.

"Rashidi. Ulishuka na gia?"

Rashidi aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Bila gia, patroni. Ilienda yenyewe. Toka utoto niko nashuka vile."

"Mulima muzima ilikuwa inatupatia chakula, na we ukaifunga mudomo."

Nicolas alikuwa tayari anatembea kuelekea baria. Bamama wa Lubondja walifika kutoka mlimani wakaelewa mara moja. Gentille alifunga kanga kiunoni, akaweka mabega nyuma ya bodi, na wengine wakamfuata. Walisukuma huku wakiimba, Rashidi akishika usukani kwa aibu.

Komanda aliwangoja katikati ya njia. Alicheka mpaka akashika goti.

"Mama, naona esansi yako. Iko na kanga."

Askari wake wakacheka pia. Akasema kwamba maneno yamekwisha, kesho kazi ya zile nne ianze. Lakini Nicolas, aliyekuwa na tabia ya kusema alichokiona, akamwambia kwamba motokari ilipanda mlima wote bila esansi. Akaongeza kwamba haina makelele. Walifika katikati ya kijiji mbwa hawajabweka.

Komanda akaizunguka motokari polepole, na Suzanne akaona macho yake yakibadilika.

"Hata mbwa," akasema. "Basi usiku itakuwa muzuri sana."

Suzanne akaelewa. Alitaka kuvinyima vita esansi, na sasa vita vilitaka ukimya. Angeweza kusema kwamba ni chuma kibovu, kwamba imekufa, na labda Komanda angeiacha. Aliomba bila kufumba macho. Kisha akasema kweli.

"Inapanda mulima, sitakudanganya. Imesimama kwa kosa ya dereva, siyo kwa kosa yake. Lakini inakula kwa mutambo yangu ya maji, na mukono ya kufungua maji ni huu. Kwa kazi ya vita, siufungui."

"Nikichukua mutambo?"

"Chukua. Siku ya kwanza itakata mukanda, na batu bako habatajua kwa nini. Niue kama unataka. Utabaki na chuma mbili, hii na ile mutambo."

"Na zile ine? Uliahidi."

"Nilisema itaenda. Na ilienda. Zile ine sikukubali, Komanda. Sitatengeneza hata moja."

Komanda aliwatazama bamama waliosimama nyuma ya muhogo, hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma. Aliutazama pia muhogo wenyewe. Boti zilikuwa hazivuki tena mara kwa mara, na askari wake walikula kutoka soko lile lile kama watu wengine. Mwishowe akaamuru motokari isukumwe mpaka kambini, pale pale kando ya baria. Ingekaa huko mpaka mama aje mwenyewe kufungua maji yake.

"Itakaa," Suzanne akasema.

Bamama wakagawana muhogo vichwani. Rashidi akainama, Suzanne akamsaidia kumweka bibi mgonjwa mgongoni mwake, wakaenda hospitali kwa miguu. Njiani Rashidi alilia kidogo, akisema mkono wake umeiua kazi ya patroni. Suzanne alimwambia afikirie vizuri: kama angeshuka na gia, Komanda angekuwa na motokari iliyoshiba.

Ilikaa. Askari waliikalia wakati wa zamu. Walianika mashati juu ya boneti, na kuku akataga chini ya bodi. Walijaribu kumimina esansi katika tundu la betri, ikawa moshi na kelele, na mmoja akaungua vidole. Komanda alituma watu kumwita Suzanne, mara kwa upole, mara kwa vitisho. Eugène alikuja akamsihi akubali. Suzanne akampa ufunguo wa bolti, akamwomba aombe huku akishika upande wa pili wa fremu mpya, na shemasi akashika.

Kule kiwanda cha pamba mashine nyingine ya marobota ilikuwa imebaki. Walitoa mota yake. Rashidi alijifunza upya kushuka: kila asubuhi alipanda na fremu mpya isiyo na bodi kilima cha nyuma ya kanisa, akarudi na gia, akijitukana kwa sauti kila mkono ulipoponyoka.

Motokari ya pili ilitoka garajini kwenda Lubondja mchana kweupe, siku ya soko. Bamama watatu wa Lubondja walikaa nyuma, na Suzanne aliwaomba waimbe njia nzima, ili kijiji kijue ni nani anayekuja. Walipofika kwenye baria, Komanda aliinuka kutoka chini ya turubai.

"Hii pia naweza kuchukua," akasema.

"Unaweza," Suzanne akajibu. "Utakuwa na benchi mbili."

Askari mmoja alikohoa ili asicheke, wa pili akashindwa kabisa. Komanda aligeuka kuwatazama. Alipogeuka tena, Nicolas alikuwa ameshainua baria, ameshika kamba, macho yake yako mlimani.

Komanda alitazama bodi tupu iliyokwenda kuleta muhogo, hakumwambia aishushe. Suzanne hakushukuru, kwa sababu barabara haikuwa ya Komanda. Alimgusa Rashidi begani, bamama wakaanza wimbo mwingine, na motokari ikapita.