Mkono Alioushika Uweso

Watu wa mtaa wetu wa Nguvumali wanasema Mungu alimuumbua Uweso mbele ya kadhi. Sibishani nao. Mungu ndiye muumba wa vyote, na mkono wangu pia kauumba yeye. Lakini kisasi kile nilikipika mimi, Mwanamkasi, kwa moto mdogo, na mpaka leo sijakijutia hata chembe.

Nilikuwa na rovu. Lilianza dogo nilipokuwa kwetu, milimani karibu na Amani, ambako wenye rovu ni wengi na hakuna anayewakodolea macho. Nilipoolewa na Uweso, mchuuzi wa machungwa ya Muheza, likakua mpaka likanijaa shingo nzima. Akaanza kunionea aibu. Akanifungia ndani, hata kuanika nguo uani mchana nilikatazwa, wageni wasije wakaniona. Nikamzaa Mastura, nikawa namnyonyesha, na chakula changu kikawa mhogo na chai ya rangi. Samaki alikula yeye. Maziwa, alisema, hayapotezwi kwa mwanamke wa kufichwa.

Siku moja alirudi kutoka barazani, wenzake wamemcheka kwa ajili ya shingo yangu. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akanikaza, akanitoa mlangoni na mtoto mgongoni.

"Nimekuacha, Mwanamkasi. Talaka tatu. Nenda na furushi lako la shingoni."

Hapakuwa na mtu mwingine aliyesikia.

Mjomba wangu Kombo alinipokea, akanipeleka hospitali. Rovu likatolewa lote. Kesho yake midomo ikaanza kunichomachoma na vidole vikafa ganzi. Nesi mmoja, Dorkasi, Mshambaa mwenye ulimi mkali, akanifunga mkononi ule mpira wa kupimia presha, akaujaza upepo, akauacha umenikaza. Nikauona mkono wangu ukijikunja wenyewe: vidole vimenyooka na kukusanyika, gumba limeingia kiganjani, kama mtu anayejivisha bangili nyembamba. Nililia kwa hofu. Alipoufungua mpira, mkono ukalegea.

"Damu yako imepungukiwa na chokaa, ile kalsiamu ya mifupa," akasema. "Nyuma ya rovu kuna vijitezi vidogo kama punje za choroko, ndivyo vinavyoilinda. Rovu lako lilikuwa kubwa, lilikuwa limevimeza. Lakini wako waliotolewa lote kama wewe, wala hawakufika hapa. Hebu niambie, dada. Unanyonyesha? Maziwa unakunywa? Dagaa unakula? Jua unaliona?"

Nikamjibu moja moja. Akatikisa kichwa.

"Basi uliingia humu chokaa yako imekwisha kuliwa na mtoto. Huyo mume alikumaliza kabla ya kisu."

Akanipa vidonge, akaniapisha nisiviache, maana siku mkazo huo utakapopanda kooni nitakosa pumzi. Maneno yake yote niliyasikia, ila lile la mume ndilo nililolala nalo.

Shingo ikapona, eda ikaisha. Habari zikamfikia Uweso kwamba shingo yangu sasa inavaa mkufu. Akaja kwa mjomba, kanzu imepigwa pasi, akasema amemfuata mkewe.

"Ulimwacha tatu," mjomba akamwambia.

"Nani alisikia?"

Kwa kadhi mambo yalikuwa wazi. Mimi sina shahidi. Uweso akiapa kwamba hakuniacha, narudi kwake. Nirudi kulala na mwanamume asiye mume wangu, niishi katika haramu mpaka kufa kwangu, na mtaa mzima ukinisifu kwa utulivu. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Ndipo nikaukumbuka ule mpira. Tangu siku hiyo sikumeza kidonge, na midomo ilipoanza kunichomachoma tena, nilifurahi.

Siku ya kiapo baraza lilijaa. Uweso akakaa mbele, anatabasamu.

"Shekhe," nikamwambia kadhi, "nina ombi moja. Siku ile alinishika mkono hapa, juu ya kiwiko, akanitoa. Naomba aape huku amenishika hapohapo."

Uweso akasita. "Ya nini hayo?"

"Kama ni mkeo, kunigusa si haramu kwako," nikasema. "Au unaogopa?"

Kadhi akamtazama. Kukataa kungekuwa kukiri, hata Uweso alilijua hilo. Akanishika juu ya buibui na kukaza kwa nguvu ili niumie. Nilijua atakaza. Yule hajui kushika polepole.

Kadhi akaanza kumwonya juu ya kiapo cha uongo, na maonyo yake hayakuwa mafupi. Mimi nikapumua harakaharaka, maana pumzi za mbio huuchochea mkazo ule. Ganzi ikaja, kisha maumivu, kisha vidole vikakusanyika na gumba likaingia kiganjani. Nikautoa mkono mbele ya macho yao, umepinda, mgumu kama mti. Mzee mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Uweso akautazama mkono, akaachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Nilimwacha," akasema. "Wallahi nilimwacha. Tatu. Mwondoeni hapa."

Nilitaka kucheka, lakini taya zilikuwa zimebana. Mkazo ulipanda shingoni, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Mjomba akanibeba mpaka kwa Dorkasi, naye akanidunga sindano ya mshipani, taratibu, joto likanitambaa mwilini mpaka koo likafunguka.

"Umeacha dawa makusudi," akasema. "Ungekufa, mjinga wewe."

"Ningekufa si mke wake."

Aliondoka. Akarudi na bilauri ya maziwa, akasimama palepale mpaka nikaimaliza.

Sasa vidonge nameza kila siku, dagaa nakula, jua naota. Uweso hajapata mke. Kila mama anamwonya bintiye juu ya mkono wa mtu yule. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jua aliloninyima, maziwa aliyoninyima, ndivyo vilivyoutengeneza mkono ule uliomuumbua. Tukikutana njiani, mimi ndiye humpungia. Kisha navikusanya vidole, polepole, gumba ndani, naye huvuka upande wa pili.