Sikukuu ya Upande Mmoja

Ki-ki-ki-ki. Kabla ya mtu kuona chochote katika kichochoro kile cha Busia ya Uganda, alisikia kwanza mnyororo mkavu wa baiskeli ukilalamika gizani. Majirani hawakuhitaji saa. Huyo ni Ojulong, anampeleka binti yake shule. Sasa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Binti mwenyewe, Resty, alikuwa na miaka sita. Alikaa nyuma kwenye keria, begi mgongoni, mikono kiunoni mwa baba yake, nusu macho nusu usingizini. Baba alikuwa fundi wa matairi ya malori upande wa Kenya, na dereva wa lori hamngojei fundi anywe chai. Mama, Akullo, alikuwa Oman akifanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mtu wa tatu ilikuwa shule.

Nasema hivyo kwa sababu shule ile ndogo nyuma ya soko la nafaka haikuwa ya kufundisha na kufukuza. Ilifungua mlango alfajiri na haikuufunga mpaka saa moja jioni. Asubuhi watoto walikunywa uji. Baada ya masomo kulikuwa na ngoma, netiboli, vitabu vya hadithi, na mwalimu wa kukaa nao mpaka mzazi avuke mpaka na kurudi. Jumamosi nesi alikuja kuwapima, na wazazi wakakaa kwenye madawati ya watoto kuzungumza habari za malezi.

Ojulong aliyapenda yote isipokuwa hayo ya Jumamosi.

"Mimi si mgonjwa wa malezi," alimwambia Madam Felistus, msimamizi wa saa zile za ziada, muhula wa kwanza ulipoanza. "Mtoto wangu namlea mwenyewe. Na wewe umetoka Kenya, hukutumwa kuja kupanga nyumba yangu."

Alikataa hata kuandika namba yake katika kundi la simu la wazazi. Madam Felistus alifunga daftari, akasema, "Sawa, Baba Resty. Uji wake tutampa tu."

Ukali ule ulikuwa na mzizi. Mama mkwe wake, aliyeishi Rubongi kule karibu na Tororo, alikuwa amesema wazi kwamba mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakabishana, wakampa Ojulong mpaka mwisho wa muhula wa pili. Likimpata mtoto jambo lolote kabla ya hapo, angehamia Rubongi hadi mama yake arudi. Tangu siku ile Ojulong alimwona kila mtu aliyemshauri kama shahidi wa kesi.

Jumatatu hiyo ya Juni alikuwa na haraka. Lori la saruji lilikuwa limelala njiani na tairi mbili zimepasuka. Getini hakuona tochi ya Otai, mlinzi. Lakini mlango mdogo ulikuwa wazi, na ndani ufagio ulisikika ukikwaruza sakafu. Akamshusha Resty, akamnyoosha kola.

"Ingia. Ukimaliza uji, osha kikombe."

"Mbona hakuna watoto, baba?"

"Umewahi leo. Ingia."

Akakanyaga pedali, akaenda zake.

Saa nne alikuwa chini ya lori, uso mweusi kwa grisi, dereva wa Kiganda amesimama juu yake akinung'unika.

"Nitakwama hapa mpaka kesho. Wakala wangu wa forodha upande wa Uganda amefunga ofisi."

"Amefunga kwa nini?"

"Si leo sikukuu? Tarehe tisa. Siku ya Mashujaa wetu."

"Sikukuu ya Uganda ilikuwa wiki jana. Ya Mashahidi."

"Hiyo ilikuwa tarehe tatu, ndugu. Zote ni zetu. Wewe ni Mganda wa wapi?"

Wewe ni Mganda wa wapi. Swali hilo lilimpiga Ojulong pale pale chini ya lori. Miaka minne ya kufanya kazi ng'ambo ilikuwa imemfundisha kuishi kwa kalenda ya watu wengine. Kenya ikipumzika, alipumzika. Kenya ikifanya kazi, alifanya. Na leo alikuwa amemwacha mtoto wa miaka sita gizani, katika shule isiyofunguliwa, na mtu aliyekuwa akifagia. Mtu gani? Hakuchungulia. Namba ya kupiga hakuwa nayo. Aliikataa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mangeni, nakwenda," alimwambia mwenye gereji.

"Na tairi?"

"Zifunge wewe."

Mpaka ule alizoea kuuvuka akiwataja askari kwa majina. Siku hiyo hakumsalimu mtu.

Alipofika geti la shule, aliegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, akaiacha. Ndani alisikia ngoma. Aliona watoto wengi, labda kumi na wanne, wamezunguka uwanja, na katikati Resty akicheza na wenzake, miguu imejaa vumbi, akicheka. Ojulong alishika nguzo.

Halafu akamwona mtu aliyekaa kwenye benchi la barazani, kitenge magotini, kikapu miguuni. Mama mkwe wake.

Mkwe hamkaribii mkwe. Ojulong alisimama palepale, hatua kumi na tano hivi, akageuza uso pembeni kama desturi inavyotaka. Mama mkwe naye akageukia upande wa pili. Katikati yao alibaki Madam Felistus na mwiko wa uji.

"Mwambie huyo kijana," mama mkwe alisema, kwa sauti ambayo hata sokoni ilisikika, "mimi natoka Rubongi asubuhi, naleta karanga ya mjukuu yangu. Nafika nyumbani, nyumba imefungwa. Jirani ananiambia mtoto iko shule. Shule gani inasoma leo? Muulize."

"Baba Resty, mama anauliza..."

"Nimesikia."

"Basi jibu, mimi si redio."

Watoto wakubwa wawili walicheka. Ojulong alikuwa na majibu tayari mdomoni, ya kulaumu lori, mlinzi, serikali mbili na kalenda zao. Aliyameza moja baada ya jingine, na hakuna lililokuwa tamu.

"Mwambie mama nilisahau," alisema. "Nilimwacha hapa gizani bila kuangalia ni nani yuko ndani. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Akimchukua leo, sitabisha."

 Mama mkwe alikuwa amekuja na maneno ya kupigana, akakosa mtu wa kupigana naye.

"Na hawa wengine wote," akamgeukia Madam Felistus, "baba zao wamesahau pia?"

"Baba na mama, mama. Wote wanafanya kazi ng'ambo. Wengine wanasahau, wengine wanakumbuka lakini bosi wao wa Kenya hawapi ruhusa. Mwaka wangu wa kwanza hapa mimi mwenyewe nilisahau. Mimi ni Mkenya, ningejuaje tarehe tisa? Nikaja kazini kama mjinga, nikakuta geti limefungwa na watoto watatu wamekaa chini wakilia. Nikampigia Otai alete funguo. Tangu hapo kila sikukuu ya Uganda nakuja."

"Nani anakulipa?"

"Leo? Hakuna."

"Na watoto yako wewe?"

"Leo wako shule, kwetu ni siku ya kazi. Taabu yangu ni sikukuu za Kenya. Wao wako nyumbani, mimi niko hapa."

Mama mkwe alitazama uwanja. Resty alikuwa amemwona baba yake, akampungia mkono bila kuacha kucheza, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Mtoto aliyetupwa hapungi mkono hivyo. Bibi yule alikuwa amelea saba, aliona.

Akaburuta kikapu hadi miguuni mwa Madam Felistus. "Hii karanga saga, tia kwa uji. Watoto wote." Kisha, akiwa bado amegeuza uso: "Mwambie kijana, mwanaume anayesema amekosa, mimi naweza kumwachia mjukuu. Lakini hicho kikao cha Jumamosi ulichoniambia, atakaa. Mbele kabisa."

"Nitakaa," alisema Ojulong.

"Nimwambie mama?" aliuliza Madam Felistus.

"Amesikia," alisema mama mkwe mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulilegea kidogo.

Ojulong alivua kofia. Mwanamke huyu, ambaye yeye Ojulong alimwita mgeni asiyetumwa, ndiye aliyekuwa akimfagilia binti yake mahali pa kukaa alfajiri ile.  Alizoea kutoa maneno makali kama cheche. Ya shukrani yalitoka polepole, yakikwama njiani.

"Madam, asante. Nilikutukana, na wewe ukampa mtoto wangu uji. Sina zaidi ya hilo la kusema."

"Sema namba ya simu, basi, niandike."

Akaitaja. Madam Felistus aliiandika, akafuta mikono kwenye leso yake. Ndipo Ojulong akainua sauti ili hata mtu aliyempa mgongo asikie kila neno.

"Tarehe kumi na tarehe ishirini mwezi wa kumi, Kenya inapumzika na hapa ni shule. Siku hizo, Madam, wewe kaa nyumbani na watoto wako. Mimi nitakuja saa kumi na moja na nusu, nitapika uji, na nitabaki na hawa wote mpaka mzazi wa mwisho aje. Naahidi, na mama mkwe wangu ananisikia."