Upande wa Nne wa Santuri

Bahasha iliyoletwa kwenye karakana ya Fundi Meno ilikuwa ya mraba na bapa. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, alidhani ni makaratasi ya daktari fulani mwenye vipimo vilivyokosewa. Akaichana kwa kisu cha kuchongea plasta. Ndani akakutana na uso wake mwenyewe akiwa kijana, nywele zimesimama wima kama zimetishwa, miwani ya zambarau puani, na mabegani joho lililokuwa, kabla ya kuwa joho, pazia la sebuleni kwa mama yake.

Akavuta kiti, akakaa.

Ilikuwa ni albamu yao. *Mwavuli wa Jua*, kazi ya kwanza na ya mwisho ya kundi la Wazimu wa Wastani. Kundi lilikuwa la watu watatu: yeye kwenye gitaa la besi, mpiga dramu mmoja mtanashati mwenye maneno machache kuliko meno ya mtoto mchanga, na kwenye gitaa na sauti Radi, ambaye baadaye alikuja kuwa shemeji yake. Walipiga roki ya saikedeliki, yaani nyimbo ndefu zisizojua kwao, gitaa linanguruma kama nyuki ndani ya debe, sauti zinarudi kinyumenyume, na mashairi hayamwonei mtu haya: wingu linakwenda kuposa, ngazi inaota miguu na kuhama nyumba. Mjomba wake Radi aliwahi kusema huo ni muziki wa watu walioamshwa kabla ndoto haijaisha. Santuri ilitoka, ikakaa madukani, ikazeekea humohumo. Mwenye duka mmoja aliigeuza ya kufunikia ndoo. Kundi lilipovunjika, hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Sasa mwanamke mmoja mwenye kampuni ndogo ya kufufua santuri zilizosahauliwa alikuwa ameiokota kwenye mnada, akaisikiliza, akapagawa. Akamtafuta Radi. Radi akamkabidhi sanduku zima la kanda za zamani na kutia saini palepale bila kusikiliza hata moja. Tena hata angetaka kusikiliza asingeweza. Siku hizi Radi alikuwa akiuza vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, na yeye mwenyewe, masikio yamechakazwa na gitaa lake, alikataa katakata kuvaa kimoja. Alisema daktari hajidungi sindano.

Kwa hiyo toleo jipya lilikuwa nene. Santuri mbili badala ya moja: pande mbili za mwanzo albamu yenyewe, pande mbili za mwisho nyongeza. Fundi Meno akasoma nyuma ya jalada. Upande wa tatu, majaribio. Upande wa nne, "mazungumzo kati ya nyimbo."

Hakukumbuka mazungumzo yoyote. Udadisi ukamwasha, na pale pembeni palikuwa na gramafoni kuukuu aliyozoea kuisikiliza akifanya kazi. Akaanza na upande wa nne.

Kwanza zikasikika nyaya zikikwaruza. Kisha Radi, sauti bado mbichi, akauliza, "Hivi wewe na dada yangu mko vipi?"

Akajibu kijana mmoja kwa majivuno mpaka Fundi Meno akamwonea aibu kabla hajamtambua kuwa ni yeye: "Dada yako mzuri, sikatai. Lakini tepurekoda ya mjomba wenu ni nzuri zaidi. Ikirudi kwao, na mimi nimerudi kwetu."

Vicheko. Fundi Meno akainua sindano papo hapo, hakutaka kusikia zaidi.

Ukweli ni kwamba ndivyo mambo yalivyoanza. Mtaa mzima haukuwa na tepurekoda kama ile ya mjomba, na mjomba hakumwamini nayo mtu yeyote isipokuwa mpwa wake wa kike. Ikitoka, naye anatoka nayo. Aliyeihitaji tepurekoda arekodi nyimbo zake ilimbidi ampendeze binti. Radi akasema kaka hawezi kumbembeleza dada yake akaeleweka. Mpiga dramu hakusema kitu, kama kawaida yake. Kazi ikamwangukia mpiga besi. Na binti mwenyewe ndiye aliyekuwa mke wake mpaka leo, mama wa wanawe, mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Breki, na si kwa sababu aliwahi kuzigusa. Alikuwa akisema neno moja tu, gari likasimama lenyewe.

Siku hiyo alifunga karakana mapema. Njiani akapanga uongo wa kila aina, akauacha wote mlangoni, kwa maana juu ya meza ya sebuleni aliona bahasha nyingine ya mraba, imeshafunguliwa. Walituma nakala na nyumbani.

"Umeisikiliza?" akauliza, akivua kiatu kimoja kwa muda mrefu.

"Nitaisikilizaje?" mkewe akajibu. "Sindano ya gramafoni imevunjika."

"Pole."

"Si kitu. Santuri yenyewe ya kuangalia tu. Picha inatosha."

"Inatosha kabisa," akaafiki Fundi Meno, na moyoni akamshukuru Mungu kwa jinsi anavyowakumbuka waja wake hata kwenye vitu vidogo. Hata hivyo, mtu mzima hategemei bahati peke yake. Mkewe alipokwenda kuoga, akaichomoa na fyuzi ya gramafoni, akaitia kwenye kopo la vifungo.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa adabu kama chumba cha kungojea daktari. Yeye aliosha vyombo bila kuambiwa. Mkewe, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumwacha afunge mlango wa gari bila kumwelekeza, sasa alimwacha aubamize atakavyo na kusema asante. Fundi Meno aliona heri hiyo imezidi, lakini mwenye kosa hapekui zawadi. Jambo lililomshangaza ni jalada lile kuhama kila kukicha: leo juu ya kabati, kesho nyuma ya kabati, keshokutwa chini ya godoro la chumba cha wageni, ilhali yeye alikuwa amelihamisha mara moja tu.

Kisha Radi akapiga simu. Alizungumza kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Shemeji, Jumamosi mchana uzinduzi. Itachezwa yote, upande wa kwanza mpaka wa nne. Watu wanatungoja."

"Mgongo wangu," akasema Fundi Meno.

"Nini?"

"Mgongo."

"Ndiyo, njoo na mkeo."

Mkewe akaichukua simu. "Kaka, mimi Jumamosi nina wanafunzi. Tena mgongo wa shemeji yako mbaya sana. Hata kukaa hawezi."

Fundi Meno, aliyekuwa amekaa, alimtazama kwa mapenzi makubwa. Waliafikiana bila kubishana, jambo la nadra, kwamba uzinduzi ni mambo ya vijana. Ila kukataa kwa simu mbele ya mtu asiyesikia ni kutwanga maji. Jumamosi Radi alikuja kuwachukua, kavaa shati la maua, na hakuna alichosikia hadi walipojikuta ndani ya gari. Kwa kuwa Mama Breki hakubali kuendeshwa na mtu, alishika usukani mwenyewe, na Fundi Meno akaona anavyokwenda polepole, kama mtu anayepelekwa hospitalini kung'olewa jino.

Duka la yule mwanamke lilikuwa refu na jembamba, majalada ukutani toka sakafuni hadi darini, na katikati viti vya kukunja. Walijaa watu: wenye mvi, wasio na mvi, na wasio na nywele kabisa. Kati ya hao wa mwisho alikuwemo mpiga dramu, siku hizi mkaguzi wa mizani za madukani, amekaa na mkewe, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa. Walisalimiana. Mpiga dramu alisema, "Siku nyingi," na kwa upande wake hotuba ilikuwa imekwisha.

Mwenye duka akaweka upande wa kwanza.

Fundi Meno alikuwa amejiandaa kuona aibu. Miaka yote, kila watoto walipouliza kuhusu picha ya joho, aliwaambia ni ujinga wa ujana. Lakini wimbo ulipoanza, gitaa la Radi likatoka mbali, likakaribia, likageuka kuwa kama mvua inayonyesha kwenda juu, na chini yake pakasikika mtu anayetembea. Besi. Ilishuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani ndani ya nyumba anayoijua, haikosei hata kidato. Alingoja ikosee. Haikukosea. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amefumba macho, na mzee aliyekuwa pembeni yake akitikisa kichwa kama anayekubali mashtaka. Fundi Meno hakuwa amepata kujua kwamba yule kijana wa pazia alikuwa hodari. Alikuwa amemkana kwa sababu tu wenye maduka walimkana.

Akamgeukia mkewe amwambie, akamkuta anatazama dari.

Hapo akakumbuka upande wa nne. Akapanga kuzimia. Akapanga kumwaga soda juu ya mashine. Alikuwa bado anachagua, na tayari Radi kijana alikuwa anauliza swali lake, na yeye anajibu, "Dada yako mzuri, sikatai. Lakini tepurekoda ya mjomba wenu ni nzuri zaidi."

Duka likaangua kicheko. Kila mtu akageuka kuwatazama. Fundi Meno akainamisha kichwa angoje hukumu, ila hukumu haikuja. Mkewe alikuwa bado ameshikilia dari kwa macho, jasho jembamba juu ya mdomo, kama mwanafunzi anayengoja zamu yake ya kurudi kinyumenyume.

Kanda ikaendelea. Mlango ukafungwa, viatu vikaondoka. Kisha, karibu kabisa na kinasa sauti, msichana akakohoa.

"Moja, mbili. Wametoka kunywa maji. Hapa anazungumza mwenye tepurekoda. Kijana wa besi, nimekusikia. Hedifoni ninazo mimi. Na kwa taarifa yako, mimi nami sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya mpiga dramu. Na akiendelea hivi bila kunitazama, hii mashine ataibeba yeye mpaka kwetu. Nimemaliza."

Kilichofuata hakikuwa kicheko tena. Watu walishikana mabega. Mzee wa kutikisa kichwa alitolewa nje apate hewa.

"Amesema nini?" Radi akauliza.

Watu wanne wakamweleza kwa pamoja, kwa sauti ya kutosha mtaa wa pili.

Fundi Meno akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye.

"Sindano," akasema Fundi Meno polepole, "haikuvunjika."

"Na fyuzi?" akauliza mkewe.

Nyuma yao mpiga dramu alikuwa amesimama, uso umemwiva. Alionekana mtu mwenye jambo, na kwa kuwa ilikuwa ajabu, watu wakanyamaza.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Mapigo. Nikikutazama nilikuwa napoteza hesabu."

Mke wa mpiga dramu akamvuta mumewe shati kwa upole. "Kaa chini, uendelee kuhesabu."

Mwenye duka alikuja mbio, mikono kifuani. Alidhani wanajua, alidhani ndiyo maana walimpa kanda zote. Akaahidi kwamba toleo likichapishwa tena, sehemu hiyo ataiondoa.

"Usiondoe kitu," akasema Mama Breki, kwa ile sauti ya kusimamisha magari. Akachukua jalada, akaligeuza, akaweka kidole. "Ila hapa. Mmemwandika mpiga besi, mpiga dramu, mpiga picha, hata aliyeshona joho. Halafu, 'Aliyerekodi: hajulikani.' Huyo hajulikani ni mimi."

Waliompigia makofi walikuwa wengi kuliko waliompigia Radi alipoingia, na Radi, kwa bahati, hakujua.

Radi alibaki dukani akisaini majalada, wao wakarudi wawili.

"Ulinisikia siku ile ile," akasema Fundi Meno. "Na ukakubali kuolewa na mimi."

"Si siku ile ile. Siku ile nilitaka kukukanyaga kwa gari." Akatazama kioo, akaonyesha ishara ya kukata kona, akakata. "Tepurekoda ilirudi kwa mjomba. Kesho yake ukaja. Nikakuuliza umesahau nini, ukasema waya. Hapakuwa na waya. Ukaja tena kuutafuta, na tena. Mpiga dramu hakusahau hata skrubu."

"Kwa hiyo nilishinda kwa mahudhurio."

"Wengi hufaulu hivyo." Akabadilisha gia. "Wewe je? Kwa nini ulirudi, na mashine haipo?"

Fundi Meno alifikiri. Angeweza kusema maneno matamu, na mengi alikuwa nayo. "Nilikaa nyumbani nikaona kimya," akasema. "Nilizoea kuna mtu anasikiliza."

Mkono wa mkewe ulitoka kwenye gia ukagusa goti lake, kisha ukarudi kazini. Taa nyekundu iliwasimamisha.

"Kuna jambo nimelinyamazia miaka yote," akasema mkewe. "Ule wimbo wa ngazi, upande wa pili, wewe na besi yako. Ulikuwa unawahi."

"Mimi? Dramu ndiyo iliyochelewa."

"Nilikuwa na hedifoni. Ulikuwa unawahi."

Fundi Meno akaanza kuupiga gotini kwa vidole, akiuimba puani, apate kumthibitishia. Mkewe akatikisa kichwa: polepole zaidi. Akarudia. Taa ikawa ya kijani, na gari la nyuma likapiga honi. Mama Breki, aliyewahi kumfelisha mtu kwa kuchelewa kuondoka kwenye taa, alikaa palepale, mguu juu ya breki, sikio limeinama upande wa abiria, mpaka mumewe akaupatia.